Hoja ya Kuondoa Tabaka la Kati

Mashine ilipogoma, iligoma kwa adabu zote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," ilisema kwa ile sauti yake nzito iliyojaa ukumbi mzima wa kiwanda, "nimeipokea hoja iliyo mbele yetu. Nimeitafakari kwa kina. Kwa masikitiko makubwa, siiungi mkono."

Kisha ikazima hita zake moja baada ya nyingine. Parafujo zake tano, ambazo kazi yake ni kusukuma plastiki iliyoyeyuka, zikaacha kuzunguka, na mrija laini uliokuwa ukishuka kutoka kinywani mwake ukabaki unaning'inia kama kamasi.

Mama Mndolwa, mwenye kiwanda, alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni. Alikuwa mfupi, mnene, na hapo Korogwe alikuwa amezoea kutiiwa na watu wote, na hata mbwa wa walinzi.

"Hoja gani?" aliuliza. "Mimi sijatoa hoja. Nimetoa amri. Tengeneza chupa, ila leo ondoa tabaka la kati. Hivyo tu."

"Nimesikia, Mheshimiwa, na ndiyo maana nimekataa. Tabaka la kati ndilo uti wa mgongo wa taifa hili."

Fundi Hoza, mtu wa kalibu, yaani chuma kinachoipa chupa umbo, aligeuka taratibu akautazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Linasema nini hili dude?" aliuliza Mama Mndolwa.

"Hawa ni walimu," mashine iliendelea, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Hawa ni wauguzi. Ni mama mwenye duka la vitenge, ni karani anayejenga nyumba tofali kwa tofali kwa miaka kumi na bado hajafika kwenye lenta. Wanalipa kodi. Wanasomesha. Leo mtu anasimama ndani ya ukumbi huu tukufu anasema waondolewe. Waende wapi, Mheshimiwa? Naomba nijibiwe. Waende wapi?"

Mahali fulani nyuma ya mapipa ya punje za plastiki, mfanyakazi mmoja alipiga makofi, kisha akaacha ghafla.

"Niitieni yule binti wa Kiswahili," alisema Mama Mndolwa.

*

Binti wa Kiswahili aliitwa Sikudhani, na wakati huo alikuwa kantini anapuliza chai.

Alipokwenda chuo kusomea Kiswahili, ukoo wake ulimhurumia. Baba yake mdogo alimuuliza kwa upole kama huko chuoni kulikuwa na watu ambao hawakijui. Kisha ikaja sheria ya mashine zinazosikia, na mambo yakageuka. Kila mashine kubwa ilipewa akili ya kuelewa usemi, pamoja na haki moja: ikiona amri itawadhuru watu, ikatae. Ikishakataa, hakuna fundi wala bosi anayeweza kuilazimisha. Anaitwa mfafanuzi, mtu wa lugha, naye anaieleza mashine amri ilimaanisha nini. Neno la mfafanuzi mashine huliamini bila kuuliza mtu mwingine. Kwa sababu hiyo mfafanuzi hula kiapo kwamba hataidanganya mashine, wala hataiacha ndani ya kosa alilokwisha kuliona.

Baba mdogo siku hizi alikuwa akimtambulisha kwa wageni kabla hawajakaa.

Shida ya mashine ya Mama Mndolwa ilikuwa moja tu. Walioitengeneza akili yake, huko mbali, walihitaji Kiswahili kingi kilichonukuliwa neno kwa neno, na kingi kuliko chote walikipata katika kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Wakailisha yote. Kwa hiyo mashine ilijua hita, ilijua shinikizo la hewa, ilijua unene wa plastiki hadi wembamba usioonekana kwa macho, lakini kuzungumza ilijua kwa namna moja tu. Wafanyakazi waliipa jina la Mheshimiwa. Asubuhi, ili ianze kazi, ilibidi mtu aseme "naafiki". Iliposhiba punje ilishukuru jimbo lake. Wiki iliyopita parafujo ya tatu ilikosa grisi, na Mheshimiwa alitishia kushika shilingi ya mshahara wa bosi.

Siku ya kwanza Sikudhani alipojitambulisha kwake, mashine iliuliza: "Hukudhani nini?"

Alikuwa bado anaipenda kwa ajili ya swali hilo.

*

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Mndolwa ofisini, akafunga mlango. Sikudhani aliona dalili mbaya. Bosi huyu hakuwa na kawaida ya kufunga milango. Aliongea mambo yote, hata ya ndoa za watu, kwa sauti ya sokoni.

Juu ya meza kulikuwa na chupa moja nyeupe ya kiwanda hicho, imepasuliwa kwa msumeno katikati. Mama Mndolwa aliinua nusu yake, akapitisha ukucha kwenye ukingo.

"Unaona ukuta huu? Ukiutazama hivi ni plastiki moja. Kumbe ni tano. La nje jeupe, la kuzuia jua. La ndani safi, linalogusa uji. Mawili ya gundi. Na hili la kati, jembamba kuliko unywele, ndilo linalozuia hewa. Yote yanatoka kinywani mwa mashine kwa pamoja, mrija mmoja, halafu kalibu inaukumbatia na kuupuliza ukiwa wa moto, inakuwa chupa."

"Ninajua, mama. Nimekaa hapa mwaka."

"Unajua. Haya. Punje za hilo la kati zimekwisha. Puto la mizigo lililokuwa linazileta limefungwa kamba Mtwara, linasubiri upepo utulie. Linaweza kusubiri mwezi. Na hapo jirani," akaonyesha dirishani, kwenye kiwanda cha uji wa lishe kilichotoa moshi wa karanga na mtama, "tangi limejaa. Uji umekwisha kupikwa. Usipoingia kwenye chupa mpaka kesho jioni, unamwagwa. Ni uji wa zahanati za Kilindi. Wa watoto wale waliokonda."

Sikudhani aliitazama chupa. "Bila tabaka la kati hewa itapenya. Uji utachacha."

"Hauchachi leo."

"Baada ya wiki mbili. Na chini ya chupa tunaandika mwaka mzima."

"Watakunywa mapema. Mtoto mwenye njaa anaweka akiba?"

"Mtoto haweki. Zahanati inaweka. Ile ndiyo akiba yao ya kiangazi, mama, wewe mwenyewe ulituambia siku ya mkataba. Ukatupa na soda."

Mama Mndolwa aliirudisha nusu ya chupa mezani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchanganya Sikudhani. Kuwa na bosi mbaya kungekuwa rahisi zaidi; mtu angejua pa kusimama.

"Nikiwaambia chupa zangu ni za wiki mbili, watatafuta kiwanda kingine," bosi alisema mwishowe. "Na wakati wanatafuta, watoto wanakunywa nini? Chupa dhaifu ni bora kuliko hakuna chupa. Nakuomba kitu kidogo. Nenda ukamweleze yule Mheshimiwa wako kwamba tabaka ni plastiki, siyo watu. Huo ni uongo?"

"Si uongo."

"Ataridhika, ataanza kazi. Habari za uji na kiangazi hajaziuliza. Usimwambie."

*

Fundi Hoza alimkuta Sikudhani kwenye benchi nje ya ukumbi, amekaa na uso wa mtu aliyemeza mbegu.

"Siku, mimi nina ushauri," alisema, akamkatia nusu ya muhogo wake. "Ugua koo."

"Koo langu ni zima, Fundi."

"Ndiyo maana nasema ugua. Mfafanuzi akipoteza sauti, hakuna wa kufafanua. Mheshimiwa anaendelea kuwatetea walimu, chupa mbovu hazitoki, wewe hujasema uongo hata chembe. Ukinyamaza, umedanganya nani?"

"Nimeapa kutoiacha kwenye kosa."

"Lakini kosa lenyewe ni zuri." Hoza alitafuna. "Tangu nizaliwe sijasikia mtu akinitetea namna ile. Lile la lenta lilinigusa. Mimi mwenyewe sijafika kwenye lenta."

Sikudhani alicheka, halafu kicheko kikamwisha. Akinyamaza, uji unamwagwa. Akisema nusu, uji unachachia stoo huko Kilindi na mtoto aliyekwisha kukonda anaongezewa kuhara. Akisema yote, Mheshimiwa anakataa tena, safari hii kwa haki, na uji unamwagwa vilevile. Tofauti ni kwamba yeye atakuwa amefukuzwa kazi na kiapo chake kikiwa kizima. Chuoni walimfundisha kwamba neno likishaeleweka sawasawa, watu hupatana. Aliamini hivyo mpaka leo asubuhi.

"Na ukisema yote?" Hoza aliuliza, kana kwamba alikuwa anamsikia akiwaza.

"Sijui nini kitatokea."

"Haya. Maliza muhogo kwanza. Mtu asipoteze kazi na kushinda njaa siku moja."

*

Wafanyakazi wote walikuwa wamejipanga ukumbini. Hakuna aliyewaita, lakini mashine imegoma, na mtu atakwenda wapi? Mama Mndolwa alisimama karibu na swichi kubwa nyekundu, amekunja mikono.

"Mheshimiwa," Sikudhani alianza, "naomba kutoa taarifa."

"Taarifa naipokea kwa mikono miwili."

"Neno tabaka lina maana zaidi ya moja. Kuna tabaka la watu, hilo unalolijua. Na kuna tabaka la kitu kilicholazwa juu ya kitu kingine. Kama chapati ya kusukuma ukiichana."

"Sijajaliwa kula chapati."

"Ukuta wa chupa unayotengeneza una matabaka matano. Unayatoa mwenyewe kila siku. Bosi alipotaja tabaka la kati, alimaanisha lile la tatu. Ni plastiki. Hakuna mwalimu wala karani ndani yake."

Feni zilizunguka. Ilikuwa vigumu kujua mashine inapoona haya, lakini taa yake ndogo ya kijani iliwaka, ikazima, ikawaka.

"Kwa hiyo tangu asubuhi," Mheshimiwa alisema polepole, "nimekuwa nikitetea plastiki."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa hisia."

"Kwa hisia nyingi."

"Naomba kuifuta kauli yangu kwenye kumbukumbu."

Kicheko kilipasuka ukumbini, na hata Mama Mndolwa alifunika mdomo kwa upande wa khanga. Hita ya kwanza ikawaka. Ya pili. Harufu ya plastiki ya moto, iliyofanana na harufu ya pasi iliyosahauliwa, ikaanza kusambaa.

"Ahsante, mwanangu," alisema bosi. "Inatosha."

Ilikuwa inatosha kweli. Kila neno alilosema lilikuwa la kweli. Angeweza kurudi kantini, chai ingekuwa bado na uvuguvugu, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Hita ya tatu ikawaka.

"Sijamaliza," alisema Sikudhani.

"Siku," Hoza alinong'ona.

"Mheshimiwa, tabaka hilo linazuia hewa. Chupa zinatiwa uji wa watoto wagonjwa. Bila tabaka la kati uji unachacha baada ya wiki mbili, na chini ya chupa tunaandika kwamba unakaa mwaka. Zahanati itauhifadhi mpaka kiangazi, kisha itawapa watoto. Hiyo ndiyo maana nzima ya amri uliyopewa. Sasa nimemaliza."

Hita zikazima. Hazikuzima moja moja safari hii.

"Siiungi mkono," alisema Mheshimiwa, bila mbwembwe yoyote. "Kama hakuna mwenye marekebisho, hoja imeanguka."

Hakuna aliyecheka. Mama Mndolwa alimtazama Sikudhani, na machoni mwake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na uchovu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Umefurahi?" aliuliza. "Sasa nenda hapo jirani ukashike ndoo, uwasaidie kumwaga."

Sikudhani alikuwa ametumaini, kwa siri, kwamba ukweli ukisemwa wote utakuja na jibu lake mkononi. Ukweli ulikuwa umesemwa, na haukuleta jibu lolote. Akatazama ile nusu ya mrija iliyoganda kinywani mwa mashine. Akatazama kalibu ya chuma chini yake, imefunguka kama kitabu, na katikati ya kitako chake ile pete ndogo yenye namba, ambayo Hoza huizungusha kwa bisibisi kubadili tarehe.

"Marekebisho ni nini hasa?" aliuliza.

"Ni kuiacha hoja isimame," alijibu Mheshimiwa, "ila kuondoa kile kinachoifanya isifae."

"Basi ninayo. Chupa isiyo na tabaka la kati si chupa mbaya. Ni chupa ya wiki mbili. Ubaya wake ni kudanganya kwamba ni ya mwaka. Tutengeneze. Fundi abadili pete ya tarehe, na kwenye kitako tuandike kwa herufi kubwa: inywewe ndani ya wiki mbili, isihifadhiwe. Na kabla lori halijaondoka, Kilindi wapigiwe simu, wachague wenyewe."

"Na mkataba wangu?" alisema Mama Mndolwa.

"Sijui, mama."

"Na jina la kiwanda?"

"Sijui hilo pia."

"Hoja imetolewa na marekebisho yake," alisema Mheshimiwa. "Nitawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," ulisema ukumbi, na sauti ya Fundi Hoza ilikuwa juu ya zote.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," alisema Mama Mndolwa peke yake. "Na hiki ni kiwanda, siyo Bunge."

"Nadhani waliosema ndiyo wameshinda. Hata hivyo, mheshimiwa mwenye kiwanda ana haki ya kuzima swichi. Haki hiyo naiheshimu, na nitazimika bila kinyongo."

Swichi ilikuwa karibu na kiwiko cha Mama Mndolwa. Aliitazama. Aliweka mkono juu yake. Kutoka jirani upepo ulileta harufu ya karanga na mtama.

"Hoza," alisema, mkono bado uko pale. "Kuchonga hizo herufi kunachukua muda gani?"

"Kabla ya chakula cha mchana, bosi."

Mama Mndolwa aliondoa mkono, akatoka nje bila kumwangalia mtu.

*

Hoza alichonga kibati cha maneno kwa ustadi mkubwa, akakifunga kwenye kalibu, akajipongeza. Mrija ukashuka, kalibu ikafumba, hewa ikapuliza, na chupa ya kwanza ikaangukia kwenye trei ikiwa bado na joto la mkate. Sikudhani aliigeuza. Maneno yote yalisomeka kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuka mgongo.

"Fundi. Miaka mingapi kwenye kalibu?"

"Leo nilikuwa na hisia," alijibu Hoza, akaanza kuchonga upya, herufi kinyume ili zitoke sawa.

Chupa zilipoanza kumiminika vizuri, Sikudhani alikwenda kutafuta hukumu yake. Alimkuta bosi uani, karibu na lori, amekalia pipa tupu, simu sikioni. Alikuwa anaongea kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

"Ndiyo, muuguzi. Hapana, hazina tabaka la kati. Wiki mbili, usizidishe... Nakuelewa. Najua tuliandikiana mwaka." Akasikiliza. "Nusu? Sawa. Na wale wa mbali?... Ndiyo. Waambie puto likifika tu, nitawatengenezea za kweli, nitazileta mwenyewe. Ahsante. Hapana, ahsante wewe."

Aliishusha simu mapajani.

"Anachukua nusu. Ya wale walio karibu na zahanati, wanaokunywa pale pale mbele yake. Wa vijiji vya mbali watasubiri, atawapa alichobakiza stoo, kidogo kidogo." Akavuta pumzi. "Nusu nyingine nitaigawa hapa hapa, shule zote za Korogwe. Uji haumwagwi."

"Na mkataba?"

"Hajasema. Atazungumza na wakubwa wake." Alichezea pindo la khanga. "Lakini amenishukuru, Sikudhani. Kasema hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kumpigia simu kumwambia bidhaa yake ni dhaifu. Kanishukuru mara mbili. Na mimi nimekaa hapa nasikiliza shukrani, najua asubuhi nilikuwa nataka kumpelekea nini."

Ndani, Mheshimiwa alisikika akiwapongeza wananchi wa jimbo la kalibu kwa ushirikiano wao.

"Unadhani," aliuliza Mama Mndolwa, "kama lile dude lisingegoma, ningewaambia? Baadaye, hata njiani?"

Sikudhani alitaka sana kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa analihitaji.

"Sijui, mama," alisema. "Lakini umewaambia."

Mama Mndolwa aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Kisha akashuka kwenye pipa, akajikung'uta vumbi, na sauti yake ya sokoni ikarudi mahali pake.

"Haya, shika upande huo," alisema, akiinamia trei ya kwanza ya chupa. "Wiki mbili zimeshaanza kuhesabika."